Vioo vya Notre-Dame vilivyonusurika moto: ving'olewe au viachwe?

Mtoa mada

Wakuu, naomba tujadili jambo ambalo Wafaransa wanavutana nalo tangu Desemba 2023, na ambalo limenikaa moyoni kuliko nilivyotegemea.

Kanisa Kuu la Notre-Dame la Paris liliungua jioni ya tarehe 15 Aprili 2019. Tuliotazama kwenye televisheni tunakumbuka ule mnara mwembamba wa katikati, ambao Wafaransa wanauita mshale, ulivyoinama, ukakatika, ukatumbukia ndani na kutoboa dari la mawe. Paa la magogo ya mwaloni liliteketea lote. Ila madirisha matatu makubwa ya mduara yalipona. Na kule pembeni, kwenye vikanisa vidogo vya upande wa kusini, vikapona vioo ambavyo mbunifu Eugène Viollet-le-Duc aliviweka katika karne ya 19. Vimepigwa rangi za kijivujivu na michoro ya mapambo tu, havina sura za watakatifu. Moto ulipita juu yao na havikuvunjika.

Sasa vioo vya vikanisa sita vya upande huo ndivyo vinavyotakiwa kuondolewa. Rais Macron alitangaza hivyo Desemba 2023, kwa kukubaliana na Askofu Mkuu wa Paris, Laurent Ulrich, ili zama zetu nazo ziache alama. Julai 2024 tume ya taifa ya urithi na usanifu ikakataa kwa kauli moja. Watu zaidi ya laki moja wakatia saini kupinga. Pamoja na hayo, Desemba 2024, mwezi uleule kanisa lilipofunguliwa tena, mchoraji Claire Tabouret akatangazwa kuwa ndiye atakayechora vioo vipya, na karakana ya vioo ya Simon-Marq ya mji wa Reims ndiyo itakayovitengeneza. Maudhui yake ni Pentekoste, na vimepangwa kuwekwa mwishoni mwa 2026.

Msimamo wangu ni huu: kilichoungua kijengwe, kilichopona kiachwe. Watu wapatao 340,000 kutoka nchi 150 walichanga karibu euro milioni 846. Walichanga kwa sababu waliona kitu kinapotea mbele ya macho yao. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba sasa tunatoa kwa mikono yetu kile ambacho moto ulikiacha, mimi naona ni kumvunja moyo. Sisemi neno baya juu ya kazi ya Tabouret. Nazungumzia mahali inapotaka kukaa.

Karibuni.

Kutoka Lubumbashi

Ndugu, nakusalimu, lakini hapa sikuungi mkono. Unazungumza kama vile Notre-Dame ni makumbusho. Ile ni nyumba ya sala. Watu wanabatizwa mle, wanazikwa kwa misa mle, na nyumba inayokaliwa hubadilishwa na wanaoikaa.

Historia yake yenyewe inakupinga. Vioo vya rangi vya Zama za Kati kwenye sehemu kubwa ya kanisa hilo havikuvunjwa na adui. Viliondolewa katika karne ya 18 kwa idhini ya mapadre wenyewe, wakaweka vioo vyeupe kwa sababu walitaka mwanga wa kutosha ndani. Huyo Viollet-le-Duc unayemlilia alikuta vioo hivyo vyeupe, naye akaweka vya kwake. Halafu, ukiinua macho kwenye madirisha ya juu, unakuta vioo vya msanii Jacques Le Chevallier, vya miaka ya 1960. Nani leo anadai vitolewe?

Na huo mshale uliouona ukianguka, hukuwa unaona karne ya 13. Ule wa kwanza ulishushwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa sababu ulikuwa umechakaa. Uliouona ni wa 1859, wa Viollet-le-Duc huyohuyo. Alipouweka, ulikuwa jambo jipya. Kwa nini upya wa 1859 uwe mtakatifu na upya wa 2026 uwe dhambi?

Kutoka Tanga

Mimi ni fundi mwashi, siasa za Wafaransa siziwezi, ila naomba niseme kwa nini dirisha si jambo dogo kwenye jengo la Gothiki, yaani mtindo wa Zama za Kati wa matao yenye ncha, kama wa Notre-Dame.

Ukijenga kwa tao la duara, uzito husukuma kuta kwa pembeni sana. Ndiyo maana makanisa ya kabla ya hapo yana kuta nene na madirisha madogo kama ya ghala. Tao lenye ncha linapeleka uzito chini zaidi. Dari likiwa na mbavu za mawe, uzito unakusanywa kwenye nguzo chache. Kisha nje wanaweka yale matao yanayoegemea ukuta kama mtu anayezuia mlango kwa mikono, msukumo uliobaki unapokelewa huko. Ukishafanya hayo yote, ukuta ulio kati ya nguzo na nguzo haubebi kitu tena. Unaweza kuutoa na kuweka kioo. Wao wakautoa.

Kwa hiyo kwa wale waashi, kioo ndicho kilichokuwa lengo la kazi yote. Abate Suger pale Saint-Denis, nje kidogo ya Paris, mwaka 1144 alipotabaruku sehemu mpya ya altare, alikuwa anazungumzia mwanga kabla ya kuzungumzia mawe. Walipozidisha tamaa ya kupanda juu, waliona: dari la Beauvais, mita 48 hivi, liliporomoka mwaka 1284. Lile la Notre-Dame lina mita 33 na, ukiacha pale mshale ulipotoboa, lilistahimili moto na yote.

Kwa hiyo ukibadilisha vioo vya vikanisa sita umebadilisha mwanga unaoangukia jiwe, na jiwe sasa limesafishwa, limekuwa jeupe kama halikuwahi kuonekana na yeyote aliye hai. Mimi swali langu ni moja tu: je, mchoraji alikaa mle ndani asubuhi, mchana na jioni kabla hajashika brashi? Kama alikaa, nitamsikiliza.

Kutoka Lille

Nimeishi Ufaransa miaka kumi na moja. Niliingia Notre-Dame majira ya kuchipua baada ya kufunguliwa. Fundi wa Tanga kasema kweli kuhusu jiwe, weupe wake unakushtua. Upande wa kusini nilikaa kwenye benchi makusudi kutazama hivyo vioo vinavyobishaniwa. Havikuvuti. Mwanga unapita kimya, unatulia sakafuni, na jicho linakwenda lenyewe kwenye duara kubwa la kusini. Nadhani hiyo ndiyo kazi vilivyopewa: kunyamaza ili vingine viseme. Ukiweka picha kubwa za watu na rangi kali pale, kutakuwa na sauti mbili zinazoshindana.

Jingine ambalo wengi nje ya Ufaransa hawalijui: mwenye jengo si Kanisa. Tangu sheria ya 1905 ya kutenganisha dini na dola, makanisa makuu ya zamani kama hili ni mali ya serikali, Kanisa linapewa matumizi yake kwa ibada. Kwa hiyo Lubumbashi anaposema nyumba hubadilishwa na wanaoikaa, kisheria anayeikaa hawezi kung'oa dirisha bila mwenye nyumba. Kilichotokea safari hii ni kwamba mwenye nyumba na mpangaji wamekubaliana, na waliokataa ni wale wataalamu waliowekwa kuwashauri wote wawili. Kura ya tume hiyo ni ushauri, haimfungi waziri. Hilo ndilo linalonikera kuliko vioo vyenyewe. Julai 2020 tume hiyohiyo ilipotaka mshale urudishwe kama ulivyokuwa, wakubwa walisikiliza.

Kutoka Mombasa

Nimefurahi mada hii kuja, maana watu huzungumza kana kwamba ugomvi huu umeanza na Macron. Waitaliano wa enzi ya Renesansi, karne ya 15 na 16 walipofufua usanifu wa Roma ya kale, walikuwa nao nyumbani kwao, tena kwa ukali.

Wao waliona Gothiki ni ushamba wa kaskazini. Jina lenyewe lilianza kama tusi, kwamba ni ujenzi wa Wagothi, wale walioivamia Roma. Mchoraji na mwandishi Giorgio Vasari katika karne ya 16 aliuita mtindo wa Wajerumani na akauona hauna mpangilio. Sasa tazameni walichofanya kwenye majengo waliyoyarithi.

Florence, kanisa la Santa Maria Novella, msanifu Leon Battista Alberti alikuta sehemu ya chini ya uso wa mbele imekwishajengwa kwa matao yenye ncha. Hakuibomoa. Alichukua marumaru ileile nyeupe na kijani, akapanda nayo juu kwa mpangilio wake mpya, kazi ikaisha 1470. Ukisimama mbele yake unaona zama mbili zinaongea kwa lugha moja.

Chini ya kilomita moja kutoka hapo, kwenye kanisa kuu la mji, mambo yalikwenda vingine. Kulikuwa na uso wa mbele wa Kigothiki, haujakamilika. Mwaka 1587 ukabomolewa, kwa sababu mtawala wa mji, wa ukoo wa Medici, alitaka wa kisasa. Michoro ikashindanishwa, watu wakabishana, hakuna kilichojengwa. Kanisa lile, lenye kuba la Brunelleschi ambalo dunia nzima inalijua, lilikaa na uso mtupu karibu miaka 300, hadi 1887.

Na Bologna, San Petronio, walibishana karne nzima ya 16 kama wamalizie uso wa mbele kwa Gothiki au kwa mtindo mpya. Hata msanifu mashuhuri Palladio alileta michoro. Mpaka leo nusu ya chini ni marumaru na nusu ya juu ni matofali matupu.

Mimi siko upande wowote kwa ushabiki. Ninaloliona ni kwamba Alberti aliongeza pale palipokuwa hapajaisha. Waliobomoa kwanza na kufikiri baadaye ndio waliowaachia wajukuu ukuta mtupu.

Kutoka Lubumbashi

Mombasa, mfano wako wa kwanza ni wangu basi! Alberti aliruhusiwa kuwa Alberti. Hakulazimishwa kunakili. Vilevile pale kanisa kuu la Reims mchoraji Marc Chagall aliweka vioo vyake mwaka 1974, vya buluu, na leo watu wanasafiri kwa ajili yake. Kanisa kuu la Köln, Ujerumani, wakampa mchoraji Gerhard Richter dirisha kubwa la kusini, 2007, vipande zaidi ya elfu kumi na moja vya rangi. Kadinali wa pale hakulipenda. Hivi sasa ni sehemu ya kanisa.

Na kwa ndugu wa Lille: unasema vioo vya zamani vinanyamaza. Labda ndiyo sababu askofu mkuu anataka vinavyosema. Pentekoste ni siku watu wa kila lugha walipoelewana. Kwa mtu anayesali, hilo si pambo.

Mtoa mada

Nimesoma wote kwa makini, nashukuru. Lubumbashi, nikujibu wewe kwanza kwa sababu umenibana.

Hoja ya Köln naichukua, lakini itazame vizuri. Lile dirisha la kusini liliharibiwa na vita, baadaye likafungwa kwa kioo cha kawaida. Richter alijaza palipokuwa na kovu. Alberti alijaza palipokuwa hapajaisha. Hata Viollet-le-Duc, wewe mwenyewe umesema, alikuta vioo vyeupe. Katika mifano hiyo mitatu kuna nafasi iliyokuwa inangoja. Vikanisa sita vya kusini havina kovu. Ili Tabouret apate nafasi, lazima nafasi itengenezwe kwanza kwa kutoa kazi nzima ya mtu mwingine.

Na huyo mtu mwingine si mdogo. Viollet-le-Duc alianza kazi pale miaka ya 1840 pamoja na Jean-Baptiste Lassus, jengo likiwa limechoka, limeporwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, vichwa vya sanamu za wafalme 28 vimekatwa. Alipanga mshale, sanamu, vioo, mapambo, vitu vyote vikitazamana. Kwenye mshale alimweka Mtakatifu Tomaso, mlinzi wa wasanifu, akampa sura yake mwenyewe, akiutazama mnara juu. Yeye na wenzake, sanamu 16 za shaba kwa jumla, walishushwa kwa ukarabati siku nne kabla ya moto. Siwezi kusoma habari hiyo bila kusisimka. Walipona wote. Na ninyi mnaniambia vilivyopona vingine vitolewe.

Ila kuhusu Le Chevallier sina jibu zuri. Ni kweli vioo vya miaka ya 1960 vipo pale juu na sijawahi kuvionea kinyongo. Nakubali hapo hoja yangu inachechemea.

Kutoka Tanga

Mtoa mada, kukubali pale unapochechemea ni uungwana. Niongeze la kifundi tu. Kioo cha rangi kinashikwa na vipande vya risasi, na kila dirisha lilikatwa kwa tundu lake, hakuna mawili yanayolingana kabisa. Ukilitoa ukutani hulihamishii dirisha jingine. Wamesema vioo vya Viollet-le-Duc vitatunzwa na kuonyeshwa kwenye makumbusho ya kanisa yanayokusudiwa. Vikionyeshwa, jua la kusini litapatikana wapi? Taa ya umeme nyuma ya kioo naijua, haitembei.

Kutoka Lille

Fundi, hilo la jua linalotembea nitakwenda kulitazama tena kabla hawajavishusha. Nikipata Jumapili yenye anga safi nitakaa tangu misa ya asubuhi hadi jioni, niandike hapa mwanga unafika kikanisa gani saa ngapi. Angalau tutakuwa na kumbukumbu yetu kwa Kiswahili.