Klabu ya wanachama ya urafiki wa mataifa na sanaa: yawezekana Kampala?

Mpiga fidla wa Ntinda
Ndugu zangu, mimi na wenzangu tunaopiga muziki hapa Kampala tunatamani kuanzisha klabu ya wanachama kwa mfano wa Royal Over-Seas League ya London, ambayo Evelyn Wrench aliianzisha mwaka 1910, na ambayo tangu 1952 huandaa mashindano ya muziki kwa vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola. Ni nini kilichoiwezesha kudumu zaidi ya karne moja, ilhali vikundi vyetu huvunjika mapema?

Mkazi wa Jinja
Ndugu, naamini ni nyumba. Klabu hiyo ina jumba lake, Over-Seas House, kando ya bustani ya Green Park, lenye vyumba vya kulala, mkahawa na kumbi, na wanachama wake hulipa ada. Kwa hiyo sanaa haingoji huruma ya mfadhili. Hata Uganda Society, chama cha wapenda elimu na utamaduni kilichozaliwa Entebbe mwaka 1923, kilipata kimbilio katika Jumba la Makumbusho la Uganda, na maktaba yake ikahifadhiwa humo. Msianze na katiba ndefu. Tafuteni kwanza paa.

Msomaji wa Mbarara
Paa ni muhimu, lakini mimi ningeuliza kwanza ni nani atakayekaribishwa chini yake. Klabu ya Wrench ilianzishwa kwa ajili ya raia wa himaya ya Uingereza, na makoloni yalipojitawala, Uganda ikiwemo mwaka 1962, ililazimika kuuelewa urafiki upya, yaani urafiki wa watu walio sawa. Juni ya mwaka huohuo Makerere iliwakutanisha Chinua Achebe, Wole Soyinka na Ngũgĩ, aliyekuwa bado mwanafunzi, katika mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huo, hakuwa na nafasi pale, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Jambo hilo huniuma hadi leo. Klabu yenu ikifungua mlango kwa lugha moja tu, itakuwa imewafungia nje wapiga adungu, kile kinubi cha jadi, na washairi wa Kiluganda kabla ya tamasha la kwanza.

Mpiga fidla wa Ntinda
Nawashukuru sana. Tutaomba ukumbi wa National Theatre kwa jioni moja kila mwezi, na mpiga adungu ndiye atakayefungua jioni ya kwanza.