Kupaki mzigo wa msimu: mnapangaje kazi isiwarundikie wiki za mwisho?

mishumaa_na_sabuni
Wakuu habari zenu, naomba mwenye uzoefu anipe mawazo. Tunatengeneza mishumaa ya harufu, sabuni za vipande na losheni, mwaka mzima zinatoka kwenye boksi la kawaida halafu ikikaribia msimu wa zawadi tunatoa seti, vitu vitatu ndani ya boksi moja lenye mapambo ya sikukuu. Bidhaa zenyewe hazitusumbui, zinakuwa stoo mapema tu, kinachotutoa jasho ni kupaki. Mtu wa kuprinti anataka oda kubwa ndo akubali kazi na anataka idadi miezi kibao kabla, huku wateja wa jumla wanabadilisha oda mpaka dakika za mwisho, huyu anapunguza yule anaongeza. Tukipaki mapema msimu ukipita tunabaki na seti za sikukuu ambazo hakuna anayezitaka, tukisubiri oda zitulie tunapaki usiku na mchana na vibarua wapya ambao hata boksi linakunjwaje hawajui. Nyie mnafanyaje? Halafu kuna mtu ananishauri ninunue mashine ya kukunja maboksi, inalipa kwa kazi ya msimu tu?

stoo_ndogo
Mkuu shida ni kwamba msimu mmeuprinti kwenye boksi, utoeni hapo. Tengeneza boksi la seti lisilotaja sikukuu yoyote, rangi moja na nembo yenu basi, halafu sikukuu iwe kwenye mkanda wa karatasi unaovishwa kwa nje. Boksi hilo unaoda kwa wingi bila presha maana likibaki linatumika msimu unaofuata, na mkanda ni karatasi bapa, mikanda elfu inakaa kwenye kona ya meza. Seti unazijaza mapema, unafunga, zinakaa stoo hazijavaa, oda ikithibitishwa ndo unavisha. Zikirudi zilizokosa wanunuzi unavua mkanda na seti inauzwa kama kawaida, hasara yako ni ya karatasi. Ila gundi iwe ya mkanda kwa mkanda, usiugandishe kwenye boksi, maana siku ya kuuvua utachubua rangi yote.

Na angalia tarehe za kuisha, seti inafuata tarehe ya kile kinachoisha mapema zaidi, kwa hiyo stoo itoe kwanza zinazokaribia kuisha, sio lazima zilizoingia kwanza. Namba za bechi, yaani za kundi lililotengenezwa pamoja, andika nje ya katoni uzione bila kufungua.

mzee_wa_laini
Naunga mkono nusu nusu. Mkanda ni kazi ya mkono inayoongezeka, na mnaiweka wiki ileile ambayo mikono haitoshi. Kabla ya kuamua chochote shika saa upime kila hatua. Chukulia kukunja boksi ni sekunde 20, kujaza vitu vitatu na karatasi ya ndani sekunde 45, kufunga 15, mkanda 20. Ukiweka mtu mmoja kila hatua unatoa seti moja kila sekunde 45, yaani 80 kwa saa, hata hao wengine watatu wawe na kasi ya umeme. Ongeza mtu wa kukunja hupati hata seti moja zaidi, utapata mlima wa maboksi matupu yanayoziba njia. Mtu huyohuyo mpeleke kwenye kujaza, unaenda 160 kwa saa.

Jibu la mashine nadhani unaliona hapo. Kukunja sio kunakowachelewesha, sasa mashine ije kuharakisha nini? Na miezi mingine yote itakaa imefunikwa turubai. Kama kukunja kunakera sana omba boksi ambalo kitako kimeshagundishwa kiwandani, ukilifungua linasimama lenyewe, bei kwa boksi iko juu kidogo ila kibarua wa siku ya kwanza analiweza.

stoo_ndogo
Mzee namba zako zinanitetea mimi 😂 Kama kujaza na kufunga vimeshaisha kipindi cha utulivu, wiki za mwisho kilichobaki ni mkanda wa sekunde 20 tu, watu wawili wanavisha 360 kwa saa. Laini yako kamili ya kupaki ya watu watano inatoa 160.

mzee_wa_laini
Haya hapo umenipata, mradi stoo iwe na nafasi ya kulaza seti zilizojaa. Boksi bapa na boksi lililojaa havikai sehemu sawa.

lebo_na_barkodi
Naongezea kitu ambacho watu wanakigundua mzigo ukiwa dukani. Rangi za msimu mara nyingi ni nyekundu na dhahabu, na mtu wa dizaini anapenda barkodi ifanane na pambo. Skana nyingi za kaunta zinatumia mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu kwenye karatasi nyeupe skana inaiona nyeupe yote, haisomi kitu. Dhahabu na fedha zinarudisha mwanga ovyo. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe na pembeni paachwe wazi, riboni isiingie. Saizi ya kawaida ya EAN-13, ile barkodi ya tarakimu 13 ya bidhaa za dukani, ni mm 37.29 kwa 25.93 pamoja na hiyo nafasi wazi, unaweza kupunguza mpaka asilimia 80, chini ya hapo unatafuta ugomvi na kaunta.

Seti inatakiwa iwe na namba yake, sio ya mshumaa wala ya sabuni, na kama boksi lina dirisha hakikisha barkodi za vitu vya ndani zimegeukia ndani, la sivyo keshia anapiga sabuni peke yake na seti nzima inaondoka kwa bei ya sabuni. Mkanda nao usizibe barkodi ya boksi. Kwa kanuni za GS1, shirika linalosimamia namba za barkodi, kama kilichobadilika ni vazi la msimu tu na vya ndani ni vilevile, namba ya seti inabaki, inayobadilika ni ya katoni kubwa, ili ghala lijue huu mzigo una tarehe yake ya kuingia sokoni.

paleti_moja
Kabla hujajaza mapema jaza chache uzifunge uone. Mshumaa wa harufu na sabuni ya harufu nyingine wakikaa boksi moja muda mrefu harufu zinaingiliana, afadhali kila kimoja kiwe na kifungashio chake. Na katoni zikinyonya unyevu zinalegea, usiziweke sakafuni, panga kona juu ya kona maana kona ndo zinazobeba uzito, zile za kupishana kama tofali zinaonekana imara lakini za chini ndo zinabonyea.

mishumaa_na_sabuni
Aisee asanteni sana, mashine nimeshaifuta kichwani. La mwisho, wateja wakiwa bado wanayumba najaza seti ngapi na naprinti mikanda mingapi?

stoo_ndogo
Seti za kujaza fuata kadirio la chini, ile idadi ambayo hata mambo yakiwa mabaya itaondoka. Mikanda fuata la juu, maana ukiishiwa mikanda katikati ya msimu mtu wa kuprinti atakuwa na foleni ya watu kama wewe. Katikati hapo boksi ziwepo bapa na bidhaa ziwepo stoo, unajaza kadri oda zinavyothibitika. Wateja wa jumla wape tarehe ya mwisho ya kubadilisha oda, iandikwe kwenye oda yenyewe, na uihesabu kurudi nyuma kuanzia siku ya gari kuondoka.

mzee_wa_laini
Na hiyo tarehe usimsogezee mmoja, wengine watasikia tu.