Gmail inakataa neno la siri kwenye Thunderbird, naombeni msaada

MamaSteshenari: Wakuu habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Msamvu, Morogoro. Wateja wananitumia vyeti na barua za maombi kwa imeili niwachapishie. Mtandao ukikata tunabaki kutazamana. Kijana mmoja akanishauri niweke Thunderbird, programu ya kusomea imeili, zikae humo humo kwenye kompyuta. Nimeweka. Najaza anwani, najaza neno la siri, inakataa. Neno hilo hilo kwenye simu linafungua! Nimeshalibadilisha mara tatu, la mwisho nimeliandika nyuma ya daftari la madeni. Nakosea wapi?

FundiKihonda: Hujakosea kitu, mama. Kwa akaunti hizi zetu za kawaida, tangu 30 Mei 2022 Google haipokei neno la siri tupu kutoka programu za nje. Seva ya kupokea weka imap.gmail.com, poti 993, SSL/TLS. Ya kutuma smtp.gmail.com, poti 465. Kwenye njia ya uthibitisho chagua OAuth2, kote kuwili. Kitafunguka kidirisha cha Google, neno la siri unaliandika humo. Kikija cheupe kitupu, angalia kama umeruhusu kuki (vifaili vidogo ambavyo tovuti huweka kwenye kompyuta) kwenye Thunderbird.

Babu_Poti: Na usikubali mtu akuwekee POP, ile njia ya kushusha barua kwenye kompyuta ambayo inaweza kuzifuta kwenye seva. Kaka yangu aliwekewa kwenye imeili ya kazini, bila kuacha nakala kwenye seva. Diski ilipokufa, ikafa na barua zake zote.

MamaSteshenari: Imekubali! Na kweli kilikuja cheupe, kuki zilikuwa zimefungwa. Lakini jamani, nimeiacha usiku kucha, asubuhi bando la GB 5 halipo. Hela ya wino hiyo.

FundiKihonda: Pole, hapo nilisahau mimi. Kuna folda inaitwa All Mail, ndani yake kuna karibu kila kitu ulichowahi kutuma na kupokea, na Thunderbird ilikuwa inavishusha vyote. Ingia mipangilio ya akaunti, Synchronization & Storage, bonyeza Advanced, toa tiki kwenye All Mail. Hapo hapo mbele unaweza kuiambia ishushe za siku 30 tu.

MamaSteshenari: Nimetoa. Leo mtandao umekata saa nne, mtu wa cheti cha kuzaliwa kaondoka na nakala zake. Sasa nakwenda kubadilisha neno la siri mara ya nne, maana kila anayekuja kulipa deni analisoma.