MREJESHO: Kodi ya pesa nilizoingiza Thailand

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama pesa ninazohamishia Thailand kutoka nje zinatozwa kodi, maana naishi huku zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Mlioniambia nitafute taarifa ya benki inayoishia 31 Desemba 2023, Mungu awabariki. Karani wa ofisi ya kodi aliweka kidole kwenye salio la mwisho, akatikisa kichwa kukubali: akiba ya kabla ya 2024 haikuguswa.

Iliyoniponza ni akaunti ya pili. Humo nilichanganya akiba na pesa za pango nilizopokea 2024, nikashindwa kutenganisha, yote yakahesabiwa mapato. Baht 150,000 za kwanza hazitozwi, zilizozidi nimelipia. Uliyenishauri nitenganishe akaunti mapema, nimefungua nyingine jana. Nicheke tu.