Tupeane uzoefu: kumsoma na kumfasiri Audre Lorde kwa Kiswahili

Mwanzisha mada: Wadau, kundi letu la kusoma linataka kumsoma Audre Lorde, mshairi na mwanafeministi mweusi wa Marekani, kwa Kiswahili. Mliowahi kufasiri au kuongoza vikao, mwageni mbinu: tuanze na ipi, na wapi panakwama?

Mfasiri wa Tanga: Anzeni na hotuba ya 1979, "Zana za bwana hazitaibomoa kamwe nyumba ya bwana". Ni kurasa 4 hivi, saa moja na nusu inatosha. Kichwa chake kimegeuka msemo wa kutupwa kila mahali, kwa hiyo kirukeni kwanza. Someni pale anapowauliza wanawake wa Kizungu waliokusanyika New York: ninyi mkiwa kwenye makongamano ya nadharia, nani anafagia nyumba zenu na kulea watoto wenu? Aliyemwacha dada wa kazi nyumbani ataliona swali linamgeukia.

Panapokwama ni "bwana". Kwetu ni mwenye watumwa, ni mume, tena ni neno la heshima. Ukiandika "nyumba ya bwana" tu, nusu ya wasikilizaji watadhani ni mambo ya ndoa. Mara ya kwanza andika "bwana mwenye watumwa". Baada ya hapo "bwana" litajibeba. Na mtumie "kubomoa". Nyumba iliyoharibiwa hukarabatiwa.

Bi Tungo: Naongezea hapo, ndugu yangu. "Ushairi si anasa" (1977) hufasirika kirahisi mno, nao ndio mtego. Anasa yetu ina harufu ya mahubiri, starehe za dunia. Lorde anazungumzia hitaji: hisia isiyo na jina hupata jina ndani ya shairi, ndipo iwe wazo, ndipo iwe tendo. Kichwa kiacheni hivyo, ila mlifafanue neno hilo kabla ya kusoma.

Insha yake kuhusu ashiki ("Uses of the Erotic", 1978) isubiri kikao cha tatu au cha nne. Ukichagua neno la kitandani umeifuta hoja yake, maana anaitenga kabisa na picha za ngono.

Shairi "Power" lisomwe kwa sauti mara 2, kila mara msomaji mwingine. Kabla yake semeni haya: Clifford Glover, mtoto wa miaka 10, aliuawa kwa risasi ya polisi huko Queens mwaka 1973, mwaka uliofuata polisi huyo akaachiwa huru, na kati ya watu 12 walioamua kesi, mwanamke mweusi alikuwa 1 tu. Asiyejua hayo atasikia hasira tupu mwishoni.

Mkaazi wa Berlin: Mlioko huku, someni nje. Lorde alifundisha chuo kikuu cha Freie Universität hapa Berlin mwaka 1984, na wanawake weusi wa Ujerumani, wengi wakiwa wamekua bila kumjua mwenzao, wakaanza kukutana kupitia kwake. Mwaka 1986 kikatoka kitabu chao *Farbe bekennen*, kuhusu maisha ya wanawake weusi wa Ujerumani. Mshairi May Ayim ni mmoja wa wahariri. Shukeni kituo cha treni cha Schlesisches Tor, mtembee hadi May-Ayim-Ufer, barabara yenye jina lake kando ya mto Spree. Kabla ya 2010 barabara hiyo ilimtukuza Gröben, mwanzilishi wa ngome ya Brandenburg (dola ya Kijerumani ya wakati huo) kwenye pwani ya Ghana. Someni mashairi ya Ayim hapo hapo. Kisha nendeni Kottbusser Tor, mpande treni ya U8 hadi Hermannplatz, mtafute Lucy-Lameck-Straße, mtaa wenye jina la mwanasiasa wa Tanzania. Hadi 2021 ulibeba jina la Wissmann, yule afisa wa kikoloni wa Kijerumani aliyemnyonga Bushiri huko Pangani.