Mrejesho: ile asumini yangu iliyokuwa ikiungua majani

Haya jamani, wale mlionisaidia nilipouliza kuhusu miche ya asumini pale kitaluni kwangu Malindi, majani yanakauka kutoka ncha hadi pembeni yanakuwa kahawia kama yamepitishwa motoni, nimerudi. Wengi mlisema ni kiu niongeze maji, nikaongeza, ikazidi kuwa mbaya wallahi. Yule aliyeniuliza "hayo makumbi umeyatoa wapi" (yaani yale maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi) ndiye aliyenifungua macho, kumbe vumbi la makumbi nililochanganya na udongo nilipewa bure na mama mmoja anayesokota kamba, na makumbi ya kamba si yanafukiwa ufuoni maji ya bahari yaingie mpaka yalainike? Nikaramba kidogo (msinicheke), chumvi tupu! Na mimi juu yake namwagilia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hata chai yake hainyweki.

Basi nikaomba maji ya tangi la mvua kwa jirani, kila mfuko nikaumwagilia polepole mpaka maji yakatoka chini kwa wingi yaondoke na chumvi, nikarudia siku tatu. Vumbi lililobaki nimeliloweka na kulisuuza kwanza. Majani yaliyoungua hayakupona, nimeyakata, ila machipukizi mapya yametoka kijani safi hadi ncha. Miche 11 kati ya 40 imekufa. Bogenvilia zilikuwa kwenye udongo huohuo na hazikushtuka hata kidogo, zile zina roho ngumu sana.

Sasa natafuta tangi la mitumba, lita 1,000 hivi, kabla ya vuli.