Msaada: nimtafutie mzee wangu simu yenye kioo cha kubonyeza?

Mwana wa Ngamiani
Habari za jioni, wakuu. Naomba ushauri wenu kabla ya Jumamosi. Baba yangu ni seremala mstaafu hapa Tanga, na mwezi uliopita nilimnunulia simu janja mpya ambayo kioo chake hakimsikii: anagusa mara tano, kinaitika mara moja, kisha anairudisha mezani bila kusema neno. Zamani alikuwa na Nokia 5800, ile iliyouzwa pamoja na kidude cha plastiki kinachofanana na kile wanachopigia nyuzi wacheza gitaa, na hakuwahi kuilalamikia. Je, nimrudishie simu ya aina ile?

Fundi wa Mkunguni
Mkuu, hizo ni teknolojia mbili tofauti. Kioo cha Nokia 5800, iliyotoka mwaka 2008, ni rezistivu: juu kuna utando wa plastiki unaobonyea, chini yake kuna tabaka jingine, na kati yao kuna upenyo mwembamba unaoshikiliwa na vitone visivyoonekana kwa urahisi. Ukibonyeza, tabaka hizo mbili zinagusana, na simu inapima volteji ili ijue umegusa wapi. Ndiyo maana kinaitika hata kwa ukucha au kijiti cha meno. Vioo vya leo ni kapasitivu, navyo havisubiri kubonyezwa, bali huhisi jinsi mwili wako unavyobadilisha chaji ya umeme iliyo juu ya kioo. Vua protekta kwanza, halafu utueleze mzee anagusa kwa kitu gani hasa.

Dada wa Saluni
Umenikumbusha mwaka 2011 nilipokuwa Nairobi na kununua simu ya Huawei Ideos, yenye kioo kapasitivu, kila mtu alipokuwa nayo. Kabla yake nilitumia Samsung Star, ambayo niliiandikia kwa kucha zangu ndefu bila shida yoyote. Siku ya kwanza na Ideos nilidhani nimeuziwa mbovu, nikagombana na muuzaji mbele ya wateja wake, kumbe nilitakiwa kulaza kidole. Kucha nilizikata wiki hiyohiyo, na mpaka leo zinaniuma moyoni.

Mzee wa Kijiweni
Vijana mnawanunulia wazazi simu ili msiwatembelee. Nenda ukakae naye.

Ngano Mbichi
Mpe ndizi. Kioo kapasitivu hakitofautishi sana ndizi na kidole, kwa kuwa vyote vina maji na vinapitisha umeme. Akimaliza kupiga simu, anakula.

Mwana wa Ngamiani
Nawashukuru. Anagusa kwa vidole kama watu wengine, na protekta haipo. Niseme wazi kwamba nimekwisha kumtangulizia muuzaji mmoja wa Kariakoo shilingi 50,000 kati ya 80,000 kwa ajili ya Nokia 5800 iliyo safi, kwa hiyo swali langu lililobaki linahusu zaidi upatikanaji wa betri.

Fundi wa Mkunguni
Betri si tatizo lako. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za mfumo wa Symbian, kama hiyo 5800, tangu mwaka 2017, kwa hiyo mzee atabaki na kupiga, kupokea na M-Pesa kwa *150*00#, mambo ambayo simu ya batani ya bei ndogo inayaweza. Utando wa plastiki nao hukwaruzika na kulegea, kisha inabidi ukae unagusa alama za msalaba ili kuirekebisha. Na swali langu bado hujalijibu.

Mwana wa Ngamiani
Baba hana haja kubwa na WhatsApp. Anapenda tu kutazama picha za wajukuu.

Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vilikatwa ncha na msumeno. Makovu yanamuuma yakiguswa, hivyo huvivalisha vikofia vya ngozi alivyovishona mwenyewe kwa uzi wa viatu. Nimemwomba atumie gumba, lakini gumba la seremala linafunika nusu ya kibodi.

Shahidi Mkavu
Wakuu, mimi naona tangazo la biashara. Mtu amejiunga mwezi huu, ametaja bei bila kuulizwa, simu ni "safi", na jana baba alikuwa na vidole kama watu wengine ilhali leo vimekatika. Kesho tutaambiwa ziko tano dukani.

Dada wa Saluni
Hata mimi nimeshtuka. Kwa nini usiseme tangu mwanzo?

Mwana wa Ngamiani
Kwa sababu msumeno niliuwasha mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na yeye alikuwa anapangusa vumbi kwenye meza yake. Hajawahi kuniuliza kwa nini sikutazama kwanza.

Fundi wa Mkunguni
Basi tatizo ni ngozi ile, ndugu yangu: ni kavu na nene, hivyo kioo hakikihisi kidole kilicho ndani yake. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuongeza wepesi wa kioo, ile ya watumiaji wa glavu, kama simu yenu inayo. La sivyo, chukua foili ya jikoni, funika kikofia mpaka foili iguse ngozi ya kidole chenyewe. Isipougusa mwili haitasaidia.

Mwana wa Ngamiani
Sehemu hiyo haipo kwenye simu yetu. Foili tumeijaribu leo baada ya alasiri. Imechanika mara mbili, na mara ya tatu kioo kimeitika upesi kiasi kwamba amempigia shangazi aliye Korogwe bila kukusudia, wakazungumza dakika arobaini. Sasa anauliza kama kuna bati laini linaloweza kushonwa juu ya ngozi. Muuzaji anakataa kurudisha elfu hamsini yangu.

Shahidi Mkavu
Bado siamini, lakini kama ile 5800 ina kile kidude chake cha gitaa, mwambie elfu thelathini iliyobaki nitalipa mimi.

Mwana wa Ngamiani
Na hamsini yangu?